Sonde ya Zorobabel

Lile doa lilikuwa limerudi tena, na safari hii lilikuwa kubwa zaidi.

Zorobabel, fundi wa ekografi katika hospitali moja ya Mususa, alijifuta jeli tumboni kwa hasira. Sonde, kile kichwa cha mashine kinachopitishwa juu ya ngozi ili picha ya ndani ionekane, alikuwa ameiunda mwenyewe kutoka kwa mbili zilizokufa. Mpya ingetoka wapi, na barabara ya Kasindi, ya kwenda mpakani, imejaa askari? Kila akiitengeneza, aliionja kwanza kwenye mwili wake, kama mpishi anavyoonja mchuzi. Kuijaribia kwa mgonjwa? Thubutu!

Na kila mara ni yaleyale: doa jeusi kwenye picha, chini ya mbavu. Alibadili nyaya, likabaki. Alilehemu upya, likaongezeka.

“Inaoza, Docteur,” alimwambia Daktari Luc. “Kila wiki inaoza zaidi.”

Kwenye benchi alingoja Mama Katungu, aliyetoka Mabalako kwa miguu na uvimbe wake tumboni. Sindano za kuusinyaza alikwisha kuchomwa. Sasa ilibidi ijulikane kama uvimbe unakua au unapungua, maana Daktari Luc hangeweza kumpasua bila kuona.

“Papa Zoro, unipime tu na iyo mubaya.”

“Mama, itatudanganya. Itaonyesha ugonjwa fasi haiko. Tutakupasua bure.”

“Mais niko nakufa, papa.”

Zorobabel akairudia sonde yake. Siku hizo hata chakula hakikupita, na mkanda wake alikuwa ameutoboa tundu jipya.

“Vita inatukondesha sisi wote,” muuguzi Virginie alimtania.

Asubuhi moja milio ya bunduki ikasikika upande wa Beni. Daktari Luc akakata shauri.

“Donc, tunamupima leo. Lile doa lako tutalijua, tutaliacha pembeni.”

Mama Katungu akalala. Zorobabel akampaka jeli, akaweka sonde chini ya mbavu.

Picha ikatokea safi. Uvimbe ulikuwepo, umesinyaa, mdogo sana kuliko zamani. Zorobabel akaisogeza sonde huku na huku. Doa hakuna.

“Imepunguka! Mungu asifiwe!” Daktari Luc akampiga begani. “Wee Zoro, sonde yako iko muzima kabisa!”

Mama Katungu, machozi yakimtiririka, akamshika Zorobabel mkono. “Papa, mikono yako ibarikiwe.”

Mkono wake wa pili ulikuwa umeshafika chini ya mbavu zake mwenyewe.