Duka la Kumi na Moja

"Hii pia haikufai, mzee," muuza baiskeli alisema, huku akiigonga fremu kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti.

Mkaguzi mstaafu alihisi damu ikimpanda. Hili lilikuwa duka la kumi na moja. Miaka thelathini alikagua mizani za wafanyabiashara na hakuna aliyewahi kumpiga chenga. Leo wauza baiskeli wanamzungusha kama pia!

Alichotaka hakikuwa kikubwa. Baiskeli ya milimani, ya bei ya kati, yenye fremu ya maana. Gia, breki na springi za mbele angezibadilisha polepole, apate nzuri zaidi. Daktari alimwambia bila kumung'unya maneno: moyo umechoka, na asipofanya mazoezi hatamaliza mwaka. Mkaguzi aliapa kwamba mazoezi atafanya, lakini si kwa chombo kibovu.

"Ina kasoro gani?"

"Bomba la mbele ni jembamba. Ukija kutaka springi bora, haziingii. Utajuta."

"Na ile nyekundu?"

"Ina mwenyewe."

"Ile ya juu?"

"Gia zake haziongezeki, labda ununue gurudumu zima." Muuzaji alijikuna kisogo. "Kwa nini usiende kwa kaka yangu, kule juu ya ngazi za hospitali ya zamani?"

"Nilikuwa kwake juzi! Yeye ndiye aliyenituma hapa!"

"Jana ameshusha mzigo mpya, mzee."

Mkaguzi alitamani kulia. Mwezi wa nne huu anapanda na kushuka vilima vya mji kwa miguu, maana gari mke wake alilipeleka gereji na fundi kila siku anaomba siku mbili. Nyumbani nako hapati hata pole. Mke wake haulizi habari za baiskeli. Anauliza tu leo amefika mpaka wapi, kisha anamwekea maji ya kuoga. Mawazo yamemkondesha mpaka suruali zinamvuka, na mwanamke anamtazama tu, tena anatabasamu!

"Siku nikifa bila baiskeli," alimwambia muuzaji, "mtakuja mazishini na pampu?"

Muuzaji aliinamisha kichwa, akajifanya anafuta kiti cha baiskeli.

Mkaguzi alitoka akaubamiza mlango. Alishuka kilima chote akibwata peke yake, na watu wakampisha. Alipofika kwenye kona ya chini ndipo alipojipapasa mfukoni na kukumbuka kwamba utepe wake wa kupimia ameuacha juu ya kaunta. Siku hiyo ilikuwa na mkosi! Alirudi mbio.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Muuzaji alikuwa amempa mgongo, simu sikioni.

"Mzee wako ametoka sasa hivi, mama," alikuwa akisema. "Ndiyo, kwa miguu. Nimemtuma kwa kaka, kule kwenye ngazi. Amekasirika sana leo, mpaka nimemwonea huruma. Lakini usiwe na wasiwasi, wenye maduka wote tunakumbuka ulivyotuomba: hakuna kumuuzia mpaka daktari aseme inatosha."