Tundu Ambalo Fundi Hakuliziba

Bi Kalekwa aliingia mbele ya kamati ya Bunge akiwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe. Mswada wa kudhibiti bunduki ulikuwa umekaa kabatini miaka miwili, na asubuhi hiyo wabunge wangeamua uende mbele au utupwe. Aliomba kimya, akasema amina, kisha akatandaza mezani shati jeupe la shule. Kifuani palikuwa na tundu la risasi.

"La mwanangu, Yotamu," alisema.

Mwenyekiti alimfahamu. Suruali aliyoivaa ilikuwa na kiraka cha mama huyo, kiraka ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona.

"Mama Yotamu, kwako hata soksi haitoki na tundu. Hili limekushinda?"

"Halijanishinda, mheshimiwa. Mimi naweza kuziba hili moja. Yanayokuja yako mikononi mwenu."

Alichomoa sindano ukosini mwake, ikiwa na uzi mweupe tayari, akailaza juu ya shati. Kisha akarudi kuketi, mgongo umenyooka kama wa bibi harusi.

Mwenyekiti alivaa miwani yake. Polepole, mkono wake ukasogea kuelekea kwenye sindano.