Wa Pili kwenye Orodha

Zilibaki dakika arobaini kufika saa sita mchana, na fomu ya Gauthier ilikuwa ndani ya daftari la Masika, haina sahihi.

Ilikuwa humo tangu Jumatatu. Masika aliipapasa chini ya deski, huku Gauthier, aliyeketi kando yake, akijifanya anasoma ubao.

"Ile fomu, bado?" Gauthier akanong'ona.

"Bado. Uniache kwanza."

Ilikuwa fomu ya kambi ya masomo ya Keshero: wiki nne za likizo kubwa, kulala hukohuko, maabara ya kweli, kompyuta kwa kila mtu, walimu wa chuo kikuu. Kila shule ilipewa nafasi moja tu, ya atakayeongoza mtihani. Tangazo lilitaka mwanafunzi wa mwaka wa tano mwenye asilimia sabini kwenda juu. Masika alilisoma mara tatu kuhakikisha hakuna sharti lingine, ndipo akajiandikisha. Aliwahi kupoteza miaka ya shule, lakini Goma nani hajapoteza, na nani anauliza sababu?

Alijiandaa kama mwendawazimu. Fomula alizibandika ukutani jikoni, akazikariri huku akisonga bugali. Gauthier alicheza mpira. Gauthier alilala. Kisha siku ya matokeo majina yakasomwa uwanjani mbele ya shule nzima, kama ilivyo kawaida. Wa kwanza Gauthier, asilimia themanini na moja. Wa pili Masika, themanini.

Pointi moja! Wivu ulimchoma. Na watu hawana huruma: kopo la poda, ile ya kumpongezea aliyefaulu, wakamtia mkononi yeye, wakampigia makofi ammwagie mshindi kichwani. Akammwagia. Akammwagia mpaka machoni, na kijana akapiga chafya akicheka, akidhani ni furaha.

Sasa lilibaki jambo la sahihi. Asubuhi ile Prefe Barthélemy, mkuu wa shule, alikuwa ameingia darasani na kusema bila kumtazama mtu: "Kama saa sita fomu haiko na sinyature ya muzazi, nafasi inaenda kwa wa pili. Mimi sitangoya."

Baba yake Gauthier alikwenda Beni kununua kakao, akaisahau njia ya kurudi. Kwa hiyo hakukuwa na wazazi wawili wa kukimbilia. Masika hakuhitaji kuiba wala kuchana kitu. Alihitaji kukaa kimya tu.

Akakaa kimya. Dakika ishirini zikapita. Alijiona Keshero, amevaa koti jeupe, ameinamia hadubini, na hakuna hata mtu mmoja wa kumwuliza chakula kiko wapi. Wiki nne! Kwa nini iwe ya huyu, ambaye kila kitu kinamjia bila jasho? Alimchukia kidogo, na hakuona aibu.

Gauthier hakuuliza tena, na hilo likamuudhi zaidi. Angelia, angegombana, Masika angejua la kufanya. Badala yake kijana alivuta karatasi ya hesabu iliyokuwa imemshinda Masika tangu jana, akaandika mistari minne, akamrudishia. Masika akaikagua akitafuta kosa. Kosa halikuwepo. Hata wema wake ulikuwa wa kujionyesha, akawaza, ingawa alijua si kweli.

Akafunga daftari kwa kishindo, akatoka.

Ofisini kwa prefe saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika mbili. Masika aliweka fomu mezani, akaomba bic, na palepale, mbele ya macho ya mkuu wa shule, akatia sahihi kwenye mstari wa mzazi.

Prefe hakumkemea. Aliitazama sahihi, kisha akavua miwani.

"Mama Gauthier," akasema taratibu, "umewaza muzuri? Hii nafasi ingekuwa yako."

"Mutoto wangu aende," akasema Masika. "Lakini ku egzamen ya mwaka kesho, prefe, nitamupita."