Goli Lapita Sokoni

Mimi niliyewahi kuapa mbele za watu kwamba goli halina miguu, nilikosea. Jumamosi ile goli la Radi FC lilipita barabara ya sokoni mchana kweupe, na aliyelibeba mbele kabisa alikuwa Mama Sikitu, muuza chapati.

Tajiri Mkwizu, mwenye timu, alikuwa ameufunga uwanja kwa kufuli ili ajenge ghala. Timu isipocheza jioni ile, inafutwa kwenye ligi na habari imeisha. Shule ya jirani ilikubali kutoa kiwanja, ila hakikuwa na magoli. Magoli ya Radi yalichomelewa na mashabiki wenyewe, kwa mabomba yao, kwa hiyo waliruka ukuta, wakayang'oa na kuyavusha nje. Moja lilishafika shuleni. Hili lilikuwa la pili.

"Mama Sikitu, mbona unalipinda?" alilalamika Chande kinyozi, nyuma yake.

"Mimi nimenyooka, baba. Wewe ndiye mfupi."

Watu wa sokoni walicheka, na kila aliyecheka akaleta bega. Mama Sikitu akahisi mlingoti unazidi kuwa mwepesi.

Nyuma yao honi ililia mpaka ikachoka, maana goli lilikuwa limejaza barabara nzima. Mkwizu akashuka garini, akawafuata kwa miguu, viatu vyake vizuri vikiingia vumbi.

"Mama Sikitu," aliita, sauti imeshuka, "basi jioni mniwekee hata kiti kimoja pale shuleni."

Mama Sikitu alihamishia mlingoti bega la pili. Goli likakata kona ya shule, wavu ukiburuzika nyuma.