Mbwa wa Skipton

Keki ilikuwa imeshakatwa wakati barua ya yule mjinga wa Skipton ilipoletwa.

Ambrose Pettifer aliutambua mwandiko kabla hajaweka sahani chini: herufi kubwa tupu, kama za mtoto wa chekechea. Ofisi nzima ya kamusi, hapo York, ilikuwa imesimama kumuaga. Kazi yake ya mwisho ilikuwa neno "set", nalo, fupi vile, lilikuwa limemla miaka. Jua likizama, set. Jeli ikiganda, set. Kutega mtego, set; vikombe vya chai vinavyofanana, set. Maana nyingine ni za Waingereza wenyewe, nyingine zililetwa na Wafaransa, na wajinga, kama alivyopenda kusema, hawauoni mshono.

"Isome tu, Ambrose," alisema Bi Lorimer, mkuu wa ofisi. "Sheria ya ofisi unaijua."

Aliijua. Aliyeanza neno ndiye hulimaliza, na neno halijaisha mpaka kila maana iliyotumwa na msomaji ifuatiliwe, hata iwe ya kipuuzi vipi. Alisoma kwa sauti, kabana pua. Kijijini kwa bwana huyo, mbwa akilala mbele ya moto akakataa kutolewa nje, husemwa amepiga set.

"Mbwa," alisema Ambrose. "Krismasi alituandikia ya bata. Mtu hajui hata pa kuweka nukta, halafu mimi nizunguke vijiji nikiulizia mbwa wake."

"Basi tuonane Jumatatu," alisema Bi Lorimer, akajichukulia kipande cha pili cha keki.

Kwenye basi alifura njia nzima. Aliyemsikitikia hasa ni mkewe, Doreen, aliyengoja miaka yote hiyo kuwa naye nyumbani kutwa. Ambrose alikuwa ameshampangia kila kitu: makopo ya jikoni yangefuata alfabeti, na baada ya kifungua kinywa lingekuwapo somo, maana Doreen bado aliongea kama watu wa kwao vijijini, upande wa Skipton, pamoja na kusahihishwa kote. Jumanne tu alikuwa amekwenda huko kumwona dada yake, akarudi na lafudhi mbaya zaidi. Na asubuhi hiyo, alipomkumbusha kwamba leo ndiyo mwisho wa kazi, Doreen alikwenda kuosha kikombe kilichokuwa safi. Furaha, aliwaza Ambrose, humziba mtu mdomo.

Alimkuta jikoni. Mashati yake ya kazini yalikuwa yamepigwa pasi, yote, yananing'inia mlangoni.

"Keti kwanza, Doreen," alisema. "Habari si nzuri. Hawajaniachia. Imeletwa maana nyingine."

"Pole, mume wangu," alisema Doreen, akimmiminia chai. "Mbwa naye, akishalala mbele ya moto, kumtoa kazi."

"Kumtoa *ni* kazi," Ambrose alimsahihisha, akavuta sukari.