Somo Lisilokwepeka

"Na hili halikwepeki," alisema mshauri wa shule, akigonga karatasi kwa kalamu. "Somo la kuhutubia. Bila hilo mtu hamalizi sekondari, hata awe na alama nzuri kiasi gani. Tumwandikie mwaka gani kati ya minne?"

Maren aliikodolea macho ile kalamu. Hesabu, biolojia na uchomeleaji alikuwa ameshavichagua kwa kunyoosha kidole tu, bila kutamka neno. Leo kuhutubia, yeye ambaye hata jina lake humkwama mdomoni mpaka watu wammalizie?

"Wa nne," mama yake alijibu upesi, kama alivyozoea kumjibia kwa daktari na hata kwa muuza baga. "Mwandikie wa nne, mwalimu. Mtoto akue kwanza."

Wa nne. Maana yake aamke na hofu hiyo kila asubuhi ya shule, miaka yote hiyo, mpaka siku yake ifike.

Chini ya meza, theluji ya buti zao ilikuwa ikiyeyuka, na maji yalishafika kwenye viatu vya mshauri. Kalamu ikashuka kuandika.

Maren akafunika karatasi kwa kiganja. "Wa... wa k..."

Wazazi waliokuwa nyuma yao kwenye foleni wakageuka kumtazama.

"Anamaanisha..." mama akaanza.

Maren akamkanyaga buti, na mguu hakuuondoa.

"Wa kw..."

Mshauri akaweka kalamu mezani, akangoja.