Kuni za Mchwa

“Kuni za nini na wewe unapika kwa gesi?” Millicent aliuliza, akichungulia juu ya ukuta uliotenganisha nyumba zao mbili pale Komarock.

Mwenye mkokoteni alikuwa akishusha mbao ndefu kuukuu, masalio ya vibanda vilivyobomolewa Mbotela. Zilidondosha unga kila zilipoguswa.

“Za mchwa, Mama Luseno,” Muthoki alijibu bila kucheka.

Millicent alishika kifua. Kwao magharibi mchwa anajulikana tangu utotoni, na kumbikumbi wenyewe ni kitoweo. Ni yeye aliyemfundisha jirani yake, siku walipookota kumbikumbi baada ya mvua, kwamba mchwa hapendi jua wala upepo, kwamba akitaka kupanda ukuta hujijengea kijia cha udongo na mate, na kwamba mbao huila kwa ndani ikabaki ngozi tu. Angejua masomo yale yangefikishwa hapa, angefunga mdomo.

Lakini nani angemlaumu Muthoki? Nyumba ile aliijenga mumewe, Nyamai, kwa jasho la kuendesha malori. Udongo wa kaburi la Nyamai haujakauka, ndugu yake Muindi akawakalisha wazee wa ukoo, nao wakaamua: nyumba ni ya ndugu, mjane arudi kwao Kitui na watoto wake shule zikifungwa. Kesho yake Muindi alikuja na tepu, akapima madirisha kwa ajili ya mapazia ya mkewe. Muthoki ndiye aliyemshikia ncha ya ile tepu. Hapo ndipo chuki ilipomwingia, ikakaa kimya rohoni.

“Muindi ataikuta nyumba anayostahili,” alimwambia Millicent.

Akachimba mtaro mwembamba kuzunguka msingi. Kila jioni Millicent alimwona, glavu za mpira mikononi na leso puani, akimimina ndoo baada ya ndoo. Unyevu ndio mchwa autakao, Millicent alilijua hilo vizuri. Hata nyasi za kando ya ukuta ziligeuka njano zikafa, naye akaona ni wadudu wameshaanza kazi. Siku moja alirudi kutoka soko la Muthurwa, anakouza dagaa wa omena, akakutana na harufu ya rangi mbichi ikitoka dirishani kwa jirani. Mtu apake rangi nyumba anayoiua! Akatikisa kichwa, akaenda zake kuinjika sufuria.

“Mama Mukai, wacha hii kitu,” alimsihi. “Uko na watoto wawili. Hasira ni hasara.”

“Hasara ya nani?” Muthoki aliuliza.

Shule zilipokaribia kufungwa, Muindi alifika kukagua mali yake. Millicent alikuwepo, amealikwa chai. Muindi alisimama sebuleni, akaona vijia vya udongo vikipanda kutoka sakafuni hadi dari. Tabasamu alilokuja nalo likafutika. Akaiendea fremu ya mlango wa chumba cha kulala, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Kisha akasukuma kwa kidole gumba. Kidole kilizama chote, na mchwa weupe wakamwagika miguuni pake. Fremu ya mlango wa jikoni ilikuwa vilevile.

“Si tuite fundi wa dawa ya mchwa apande huko juu aangalie?” Millicent alisema.

“Fundi wa dawa?” Muindi alimkata jicho. “Mimi nachonga vinyago tangu nikiwa mdogo, leo niitiwe mtu wa kubeba pampu aniambie mbao imeliwa? Mbao hainidanganyi, mama. Hawa wamefika paa. Hii si nyumba tena, ni gofu.”

Muthoki alipiga magoti palepale. “Shemeji, tafadhali usiniachie gofu. Wazee walikupa wewe. Ichukue tu, mimi niende Kitui na watoto.”

Muindi alimtazama, na roho yake mbaya ikapata sherehe. “Aa, unataka iniangukie mimi? Utakaa nayo wewe. Jumamosi naleta wazee, na nitawaambia kwa mdomo wangu.”

Jumamosi wazee walikuja, wakakaa sebuleni chini ya vile vijia. Muindi alisimama akatangaza kwamba, kwa huruma aliyo nayo, nyumba ya marehemu amewaachia mjane na watoto, na kwamba yeye na uzao wake hawatairudia kamwe. Muthoki alilia, akakataa. Akalia tena, mpaka mzee mkubwa akamkemea kwa kudharau ukarimu wa shemeji yake. Ndipo akapokea. Neno lililotamkwa mbele ya wazee wa ukoo halimezwi, na kila aliyekuwa mle ndani alilijua hilo. Muindi alitoka akicheka chinichini.

Gari lao lilipopotea, Millicent aliingia kumfariji rafiki yake. Moyo ulimwuma, maana sasa aliona hata kisasi chenyewe kimemrudia mwenyewe.

Alimkuta Muthoki amesimama juu ya kiti, kitambaa chenye maji mkononi, akifuta kijia cha udongo. Kilibanduka mara moja. Chini yake ukuta ulikuwa mzima, na kwenye kijia cha pili, ambacho hakijafutwa, zilionekana alama za vidole vya mtu.

Muthoki akashuka. Akaingia chumbani, akainama, akasogeza kando mitungi mitupu ya dawa ya mchwa, akavuta kutoka uvunguni mwa kitanda fremu mbili za mlango zilizozungushiwa blanketi, nzito, ngumu, hazina hata tundu.

“Nishikie upande huu, Mama Luseno,” alisema. “Nataka Mukai akitoka kucheza azipate pale baba yake aliziweka.”